Kurasa kumi na nne, mistari tisa

Shauri la kwanza kuhusu mwanangu, baada ya mimi na mama yake kutengana, halikusikilizwa mahakamani. Lilisikilizwa kwenye simu, Jumapili moja ya Januari 2023. Mimi nimekaa kitandani katika chumba cha kupanga hapa Uingereza, blanketi juu ya koti, na wazee wako Tanga, barazani kwa mjomba, simu wameiegemeza kwenye birika la kahawa. Kila mtu alipojimiminia kikombe, nyuso zilipotea nikabaki natazama mabati.

Alikuwepo mjomba, alikuwepo mkwe wangu na mdogo wake, na shekhe wa mtaani. Nikapewa nafasi ya kusema, nikasema dakika arobaini. Hakuna aliyenikatiza. Ndivyo ilivyo kwetu: mwenye shauri huachwa amwage yote, toka siku ya posa mpaka kikombe cha mwisho kilichovunjika, na wazee ndio wanaochagua cha kushika na cha kuacha. Walichoshika ni hiki: mtoto ana miaka mitano, hajafikia umri wa kupambanua, kwa hiyo hadhana, yaani haki ya kumlea, ni ya mama mpaka afike miaka saba hivi, ndipo aulizwe mwenyewe anataka kukaa na nani. Baba atoe matumizi, na asizuiwe kumwona mwanawe. Tukasoma fatiha. Mkwe akaahidi kuzungumza na binti yake.

Alizungumza naye, najua, maana mzee yule si mtu wa kuahidi bure. Lakini wazee walikuwa kilomita elfu saba kutoka kwetu, na mama wa mtoto alikuwa mabasi mawili tu kutoka kwangu, na hakuna kilichobadilika. Mwanangu nilikuwa nimemwona mara ya mwisho Novemba. Januari ikaisha, Ramadhani ikaingia, Idi ikapita. Nilimnunulia kanzu ya Idi kwa kukisia kimo chake.

Kabla sijaendelea, neno moja. Kesi za watoto huku husikilizwa faragha. Ukitoa nje yaliyosemwa ndani ya chumba, au ukaandika jambo la kumfanya mtoto atambulike, unaweza kushtakiwa, kwa kudharau mahakama au kwa kosa jingine. Nimewaona kina baba wakipiga picha barua zao na kuzitupa Facebook, huku wanajiita mashujaa. Wanajichongea. Kwa hiyo hapa hutasoma mji, wala jina, wala alichosema nani mbele ya hakimu. Nitasema utaratibu, na nitasema mambo yangu mimi. Na haya ni ya England na Wales tu. Uskoti na Ireland ya Kaskazini wana sheria zao.

Wakili wa kwanza niliyempigia alinitajia pauni 250 kwa saa, kabla ya VAT. Mimi nafanya kazi ghalani, zamu ya usiku, kwa kima cha chini cha mshahara, na tangu Aprili mwaka ule kima hicho kilikuwa pauni 10.42. Nikapiga hesabu nyuma ya bahasha: saa yake moja ni saa zangu ishirini na nne. Yaani yeye afungue faili na kusoma barua mbili, mimi niwe nimebeba maboksi mchana kutwa na usiku kucha. Nikamshukuru nikakata simu.

Zamani serikali ilikuwa ikisaidia wasio na uwezo kulipa mawakili katika magomvi kama haya. Kuanzia tarehe 1 Aprili 2013, kwa sheria iliyopitishwa mwaka uliotangulia, msaada huo uliondolewa kwenye kesi nyingi za wazazi waliotengana. Uliobaki ni hasa kwa aliyefanyiwa ukatili nyumbani, tena awe na ushahidi na kipato kidogo. Kama wewe ni mmoja wao, usinifuate mimi. Ulizia msaada huo kwanza, na ujue mahakama inaweza kukupangia chumba chako cha kusubiri, na pazia ndani, usitazamane na aliyekufanyia. Sisi wengine tunaingia wenyewe, na karatasi zetu ndani ya mfuko wa dukani.

Kilichoninyima usingizi lakini hakikuwa pesa. Sisi tulioana kwa nikahi tu, sebuleni kwa rafiki, hatukwenda kwa msajili wa ndoa. Tulisema tutakwenda, hatukwenda. Na mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ya huku iliamua, katika kesi ya Akhter na Khan, kwamba nikahi ya aina ile si ndoa kwa sheria yao, hata jina la ndoa batili haistahili. Basi pale msikitini kila mtu akawa mwanasheria. Ati huna ndoa, huna mtoto. Nilizunguka na maneno hayo wiki nzima.

Si kweli hata kidogo. Mama anakuwa na mamlaka ya mzazi tangu anapojifungua. Baba ambaye hakuoa kisheria anayo pia, ikiwa jina lake limo kwenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto aliyesajiliwa huku tangu tarehe 1 Disemba 2003. Nikakitoa cheti cha mwanangu kwenye bahasha ya mambo muhimu. Jina langu lilikuwepo, limekosewa herufi moja, lakini lilikuwepo. Na hata baba asiye na mamlaka hayo anaruhusiwa kupeleka maombi kwa kuwa yeye ni mzazi. Bibi na babu ndio kwa kawaida wanaotakiwa kuomba ruhusa kwanza.

Jambo jingine la kutoa kichwani ni kile tunachokiita kupewa mtoto. Tunasema fulani kapewa mtoto, fulani kanyang'anywa. Tangu Aprili 2014 mahakama haitoi tena amri za namna hiyo. Inatoa amri ya mipangilio ya mtoto. Atalala kwa nani siku zipi, atamwona nani saa ngapi, nani atamchukua skuli. Nilipolielewa hilo nilikuwa nimeshaandika kurasa nyingi za mtu anayedai kunyang'anywa.

Kabla ya fomu kuna mlango mmoja wa kupita. Lazima ukakae na msuluhishi kwanza, kikao kile wanachokiita MIAM, isipokuwa una sababu inayokubalika, na ukatili wa nyumbani ni mojawapo. Nililipa pauni 120. Msuluhishi alikuwa bwana mpole aliyenisikiliza saa nzima, akamwandikia mama wa mtoto, hakujibiwa, akanipa cheti kuwa nimejaribu. Cheti hicho hudumu miezi minne. Changu kilikaa wiki tano kwenye friji, kimebanwa na sumaku ya duka la kebabu, kwa sababu naiogopa fomu.

Fomu yenyewe inaitwa C100. Siku hizi unaweza kuijaza kwenye mtandao, lakini mimi niliichapisha maktaba, maana mtu wa karatasi ni mtu wa karatasi. Inataka kote ulikoishi kwa miaka mitano iliyopita. Mimi nimekaa vyumba sita katika miaka mitano. Nilikaa nikikumbuka misimbo ya posta kama mtu anayekumbuka majina ya majini. Inauliza kama unahitaji mkalimani. Inauliza kama kuna ukatili, kwako au kwa mtoto, na ukijibu ndiyo inakupeleka kwenye fomu nyingine, C1A. Ukitaka anwani yako ifichwe kuna C8. Ada ilikuwa pauni 232 wakati ule, imeshapanda. Nililipa yote kwa kadi. Septemba ndipo mwenzangu wa ghalani akaniuliza kwa nini sikuomba msamaha wa ada kwa kipato changu. Msamaha upo, na hata uliyekwisha kulipa unaweza kuomba urudishiwe ndani ya miezi mitatu. Mimi nilikuwa nimelipa Mei. Hesabu mwenyewe.

Halafu kuna mahali fomu inasema: eleza kwa ufupi sababu za maombi yako.

Kwa ufupi! Nilikicheka kile kiboksi. Nikachukua karatasi nyeupe, nikaandika mapumziko ya usiku matatu mfululizo, kwenye meza ya kantini, chai inapoa. Kurasa kumi na nne. Nilianzia posa. Niliandika aliyoyasema dada yake siku ya harusi. Niliandika nani alilipa kodi ya nyumba miezi ipi. Mimi mwenyewe nilipoisoma nilijionea huruma, na hiyo ndiyo ilikuwa dalili, lakini sikuijua.

Katika jengo la mahakama niliyokwenda kulikuwa na watu wa kujitolea wa shirika liitwalo Support Through Court. Si mawakili, na hawakwambii sheria inasemaje kwa kesi yako. Wanakaa nawe, wanakusaidia kupanga karatasi, na ukitaka wanaingia nawe ndani usiwe peke yako. Mimi nilikaribishwa na bibi mmoja wa Kizungu, miwani kaifunga kwa mnyororo shingoni. Akasoma kurasa zote kumi na nne bila kuinua kichwa. Nilisubiri aseme pole.

Akafungua mtoto wa meza, akanipa kalamu ya rangi ya manjano, ile pana ya kupitishia juu ya maandishi. Akasema: "Ipitishe juu ya kila sentensi ambayo ndani yake mwanao anafanya kitu, au anahitaji kitu."

Ukurasa wa kwanza, hakuna. Wa pili, hakuna. Wa tatu nikapata "mtoto alikuwa amelala," nikaipaka. Akaweka kidole chake hapo. "Hapa mnagombana ninyi. Yeye ametajwa tu." Nikawa nimeharibu kwa manjano mstari usiostahili. Tukaendelea hivyo, mimi nikiwinda mwanangu ndani ya maandishi yangu mwenyewe kama mtu anayetafuta sindano kwenye mchanga wa pwani ya Raskazone kule Tanga. Tulipofika mwisho ikawa mistari tisa. Tisa, katika kurasa kumi na nne, na nilikuwa nimeapa kwamba yote yale ni kwa ajili yake.

Nitaitaja baadhi. Nilikuwa nikimpeleka skuli Jumanne na Alhamisi nikitoka zamu. Ana pumu, na najua pampu yake inavyotumika na kile kikombe cha plastiki cha kuvutia pumzi. Hawezi kufunga zipu ya koti. Anataka umshikie chini, yeye avute. Huniuliza bibi yake wa Tanga anakula nini asubuhi. Anaogopa mashine ya kukaushia mikono chooni, kwa hiyo tunatumia tishu. Hayo ndiyo yaliyobaki baada ya kutoa posa, kodi na dada yake.

Ukurasa wa tisa kulikuwa na sentensi ambayo sikuipaka rangi. Nilikuwa nimeandika kwamba mama yake anatia chumvi kuhusu mlango. Bibi akauliza, "Mlango gani?"

Usiku mmoja wa Oktoba niliupiga mlango teke. Mtoto akaamka akalia. Ndivyo ilivyokuwa, na sikumgusa mtu, lakini mlango ulipasuka. Nikaanza kueleza kilichotangulia, yeye akatikisa kichwa taratibu, akaniambia hawezi kunishauri kisheria ila yeye angetaka kuyasikia hayo kwa mtu mwenyewe kabla ya kuyasikia kwa mwingine. Basi nikaandika: niliupiga mlango teke, mtoto aliamka, halikurudiwa, lakini lilitokea. Mahakama za huku zina maelekezo rasmi ya kufuata pakitajwa ukatili wa nyumbani, na haki ni hivyo. Wako wanaume, nimekutana nao kwenye korido zile, ambao mlango wao una majeraha ya mtu ndani yake, na wanaijua Children Act, sheria ya watoto ya mwaka 1989, kwa vifungu. Sina la kuwasaidia.

Tukamaliza na ukurasa mmoja. Juu, ninachoomba: kumwona kila Jumamosi, kuzungumza naye Jumatano jioni, na baadaye kulala kwangu. Katikati, ile mistari tisa. Chini, ninachoweza kukubali kwa sasa. Sikuupeleka na fomu. Kwenye kiboksi nilijaza sentensi nne zikatosha. Ukurasa ule niliuweka kwa siku yenyewe.

Nikiwa nauandika nilisoma ile sheria ya 1989, mahali panapotajwa mambo ambayo mahakama inayaangalia katika ustawi wa mtoto. Yapo saba. La kwanza ni matakwa na hisia za mtoto, zipimwe kwa umri na ufahamu wake. Nikamkumbuka shekhe na ile miaka saba ya kuulizwa. Tofauti ni kwamba huku mtoto husikilizwa, uamuzi si wake. Kwa mtoto wa miaka mitano niliona afadhali; mimi nilimwona mtoto wa jirani zetu Ngamiani akisimamishwa katikati ya baraza achague, akachagua kulia. Jambo jingine kati ya yale saba ni umri, jinsia na asili ya mtoto. Hapo nikaandika Kiswahili, na dini, na bibi yake.

Sikuandika matumizi. Kina baba wengi tunaanza hapo: natoa pesa kila mwezi lakini simwoni mtoto. Mahakama ile haiyaunganishi hayo mawili. Matumizi yana ofisi yake, na kutoa pesa hakununui Jumamosi, kama ambavyo kunyimwa Jumamosi hakukufutii deni.

Baada ya fomu kupokelewa, faili linakwenda Cafcass, shirika linaloishauri mahakama kuhusu ustawi wa watoto. Hapa ndipo watu wetu hushikwa na hofu, wakisikia watu wa ustawi wa watoto wanadhani mtoto atachukuliwa akalelewe na Wazungu. Kazi yao katika hatua hii ni kuuliza polisi na halmashauri kama kuna rekodi za hatari, kuwapigia simu wazazi, kila mmoja peke yake, na kuandika barua ya kurasa chache kwa mahakama kabla ya siku ya kwanza. Mimi nusura niikose simu yenyewe. Namba ngeni, saa tano asubuhi, mtu wa zamu ya usiku yumo usingizi wa pono. Ya kwanza sikuisikia, ya pili nikadhani matapeli. Ya tatu nikaipokea nimelala chali, nikajibu maswali ya mwanzo kwa sauti ya mlevi. Ukishapeleka fomu, omba upigiwe saa unayokuwa macho. Utasikilizwa.

Mkongomani mmoja ninayefanya naye kazi, mtu wa Bukavu, aliomba mkalimani wa Kiswahili kwa simu yake. Akaletewa dada wa Kizanzibari, fasaha kabisa. Jamaa akaeleza kwamba bibi yake ndiye anayekaa na mtoto, na bibi yake hataki amwone. Dada akatafsiri: nyanya yake. Mwenye kuuliza akaanza kuhoji huyo nyanya ana umri gani, na afya yake ikoje, na mama wa mtoto yuko wapi. Robo saa nzima anatafutwa ajuza ambaye hayupo, mpaka jamaa alipopaza sauti: "Bibi! Ule mwanamuke niliooa!" Kwao bibi ni mke. Tunacheka mpaka leo, ila siku ile, anasema, jasho lilimtoka. Ukiomba mkalimani, taja unakotoka.

Siku yangu ya kwanza mahakamani ilikuwa Agosti. Ukiambiwa saa nne, fika saa tatu, kwa sababu ile saa ya kungojea ndiyo yenye kazi. Viti vya plastiki, mashine ya maji iliyoharibika, na mtu kila kona anayejisomea karatasi kwa midomo. Mama wa mtoto alikuja na wakili, binti mdogo mwenye begi la magurudumu. Akanifuata, akajitambulisha vizuri, akauliza kama tunaweza kuzungumza kidogo.

Hapo mtu hana budi kuwa macho. Wakili wa mwenzako si adui yako, na kanuni zao zinamkataza kukudhulumu kwa sababu tu huna wakili. Lakini pia si wakili wako. Alikuja na pendekezo, na kwa hofu niliyokuwa nayo ningekubali hata kuonyeshwa picha. Mdomo ulikuwa umeshafunguka kusema sawa. Nikautazama ukurasa wangu, sehemu ya chini, nikaona pendekezo lake liko chini ya ile chini yangu. Nikasema naomba dakika kumi. Akasema, "Bila shaka." Kumbe ni rahisi hivyo. Nikaenda chooni, nikapumua mbele ya ile mashine ya kukausha mikono anayoiogopa mwanangu, nikarudi na jibu langu nimeliandika.

Ya ndani, nimeshasema, siyasemi. Naweza kukwambia samani. Hakuna mawigi, na ile nyundo ya mbao ya kwenye sinema haimo. Mahakama za England hazina. Ni chumba kama cha mkutano wa wazazi skuli. Kwetu walikaa mahakimu watatu, raia wa kawaida wanaojitolea, na kando yao mshauri wao ambaye ndiye aliyesomea sheria. Kesi nyingine husikilizwa na jaji mmoja. Nilikuwa nimefanya mazoezi bafuni namna ya kuwaita, na nilipoingia nikasahau, nikasema bwana kwa mwanamama. Akatabasamu. Nilipopewa nafasi nilisema dakika nne. Nilihesabu baadaye kwa sababu ya ile arobaini ya barazani, na sikumbuki kama kuna nilichokiacha.

Amri ilikuja kwa posta. Kwa muhtasari: Jumamosi sita katika kituo cha kukutania na watoto, kwa muda wa saa mbili kila mara; yakienda vizuri, Jumamosi nje ya kituo; turudi Disemba. Kuna aya ya onyo, kwamba asiyetii amri anaweza kutozwa faini, kupewa kazi bila malipo, au kufungwa. Niliisoma mara nyingi aya ile nikimfikiria mwenzangu, mpaka siku nilipochelewa basi nikakumbuka kwamba jina langu nalo limo.

Kituo kilikuwa ukumbi wa kanisa. Mazulia ya kuchezea, magari ya plastiki, chai kwenye vikombe vya karatasi, na kina mama wawili wa kujitolea wanaojifanya hawakutazami. Kina baba sita tumekaa ukutani kama watu wanaongoja kunyolewa. Mzazi mwingine huingia kwa mlango mwingine, msikutane.

Aliingia ameshikwa mkono na mmoja wa wale kina mama. Amerefuka. Kile kimo nilichokikisia kwenye kanzu ya Idi kilikuwa kimepitwa kitambo. Hakunikimbilia, kama nilivyokuwa nimeota. Alisimama mbele yangu akatazama miguu yangu akasema, kwa Kiingereza, viatu vipya. Nikasema ndiyo, vipya. Miezi kumi, na hayo ndiyo maneno yetu ya kwanza. Tukajenga daraja la matofali ya plastiki. Hatukusema mengi.

Muda ulipokwisha nikainama nimshikie koti lake chini, kama siku zote, avute. Akanisogeza mkono. Akashika mwenyewe, akalenga ulimi ukiwa nje, akaikosa mara moja, akapata, akaivuta mpaka kidevuni. Mstari mmoja kati ya tisa ulikuwa umeshachacha.

Disemba tulirudi, na kwa sehemu kubwa tulikubaliana sisi wenyewe kwenye zile korido, mimi nimeshazoea kuomba dakika kumi. Jumamosi, saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni, na baada ya mwaka mpya aanze kulala. Usiku ule nikampigia mama Tanga. Nikamwamkia, nikamsomea amri yote kwa Kiswahili, pamoja na tarehe na muhuri. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Saa kumi?" akasema. "Unamrudisha saa kumi, mwanangu, jua bado liko juu? Huyo hakimu ni mtu wa kusema naye?"

"Mama, hakimu si mjomba."

"Mwambie bibi yake anaomba mpaka magharibi. Hatakataa. Mpe simu niongee naye."

Nikamweleza kwamba huku, mwezi huu wa Disemba, magharibi huingia kabla ya saa kumi. Akanyamaza. Nilimsikia akimuuliza mtu pale nyumbani kama yanawezekana hayo.

"Basi amekupa na zaidi," akasema. "Jumamosi akija, nipigie kabla hajala."